Ufagio wa Zamu ya Usiku

Usiku wa kwanza Gwilym hakunipa spana,
wala hakunionyesha geji hata moja.
Alinipa ufagio.
Nyasi kavu, mpini mrefu kunizidi.
Nikajisemea: haya basi, nimevuka dunia
na vyeti vyangu vitatu, kuja kufagia Ellesmere Port.

Akacheka hadi kofia ngumu ikamfunika nyusi.
"Si wa sakafu huo," akasema. "Ni wa macho."

Gesi tunayoilea hapa haina rangi wala harufu.
Katika orodha ya vitu vyote imeandikwa ya kwanza,
na bado ndiyo nyepesi kuliko wote waliofuata.
Ikivuja, haikohoi.
Ikiwaka kukipambazuka, mwali wake huuoni.
Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto;
wahenga hawakufanya kazi na hidrojeni.
Vifaa vya kunusa vipo, vina taa na ving'ora.
Gwilym huamini nyasi.

Dizeli hutujia imembeba salfa,
salfa aliyemng'ang'ania kaboni
tangu kabla mtu hajajua kuwasha kitu.
Ukiichoma hivyo hivyo, juu hutoka mvua ya tindikali,
chini hutoka filimbi kifuani mwa mtoto.
Basi tunaipasha hadi nyuzi mia tatu na arubaini,
tunaibana, tunaipitisha juu ya punje za kobalti,
na hapo hidrojeni hufika kama kadhi mwenye haraka:
salfa ameshaachika.
Kaboni amebaki na mkono mtupu hewani,
na kadhi yuleyule huushika.

(Salfa huishia lundo nyuma ya yadi,
njano kama bizari iliyomwagika.
Wenye viwanda vya mbolea huja kulichukua.)

"Na hidrojeni yenyewe huzaliwa wapi?"
Gwilym akaelekeza kidevu kwenye tanuri.
Gesi asilia, mvuke, moto juu ya moto.
Mama hufa akijifungua,
na roho yake, hewa ya ukaa,
hupanda dohani kuelekea Mersey bila kuagwa.
Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda
msafishaji wetu, na sasa nimeijua nasaba yake.

Saa tisa usiku, chai imepoa, niliandika kwenye daftari la zamu:

*Nyepesi kuliko pamba, waiinua milima,*
*Huna ndimi za kuimba, wala kazi hukusema,*
*Wapenya chuma cha mwamba, wang'oa mwiba mzima,*
*Ni nani wa kukupamba, ila ufagio, mama?*

Gwilym akaniomba nimsomee, ingawa haelewi neno.
Akasikiliza, kidole kikigonga meza.
"Kwetu Wales pia," akasema, "kina hakingoji mwisho wa mstari."
Kisha akanikumbusha kuwa lile ni daftari la kampuni.

Jumanne, mbingu ikianza kuwa kijivu,
shinikizo likashuka kidogo tu,
kama mtu aliyeshusha pumzi chumba cha pili.
Tukatoka. Mimi mbele, ufagio mbele yangu,
natembea kama kipofu njia asiyoizoea.
Kiungo cha kwanza, hakuna. Cha tano, hakuna.
Cha kumi na nne, nyasi zikawaka zenyewe,
hewani, palipokuwa hapana kitu.

Gwilym akatamka neno moja la Kiwelshi.
Vali hiyo ina mizunguko thelathini na mmoja.
Najua. Niliihesabu kwa sauti.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kituoni, mikono inanuka kuungua.
Basi likaja na dizeli yetu tumboni.
Watoto wa shule wakapanda wakisukumana,
mmoja akasimama nyuma kabisa ya bomba la moshi
akifunga kamba ya kiatu, polepole, mdomo wazi.

Nikashuka kwenye duka la Bi Threlfall.
"Mwingine tena?" akashangaa.
"Huko kwenu kuna vumbi gani?"
Nikampa pauni sita,
nikaomba risiti.